Sahani ya Sayi Kule Nyalaja

Nyumba ya Wageni Tulia,
S.L.P. 47,
Bariadi.
22 Septemba 1996.

Mpendwa kaka Kristofa,

Mwangaluka, kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Eufrasia na wanao wote, na kwamba lile jino lililokuwa likikunyima usingizi umekwisha kuling'oa badala ya kulisukutua kwa maji ya chumvi kama mwanafunzi. Huku kwetu mhola. Mimi mzima. Mama mdogo Minza mguu umepona na ameanza tena kugombana na majirani, kwa hiyo tunajua amepona kweli. Mvua bado. Vumbi la Bariadi unalijua, shuka nikianika nyeupe asubuhi naianua ya kahawia.

Barua yako ya mwanzoni mwa mwezi huu niliipokea nikaisoma mara nyingi. Umeandika kwamba maelezo yangu juu ya ziwa Nyalaja uliwasomea wanafunzi wako wa darasa la saba, na mmoja akabisha akasema mahali pa namna hiyo pako Ulaya. Nilicheka. Umeandika pia kwamba umefurahi kuona nimeanza kutembea na kuitazama nchi yetu, kwamba sikukuu ya Krismasi utawaleta watoto walione ziwa, na kwamba nimshukuru Sayi Mahona kwa niaba yako kwa kunifikisha mahali alikopotelea mdogo wetu Mwandu.

Kaka, Sayi mwenyewe anakuja kwako. Ameondoka hapa juzi, anapitia Dar es Salaam kwanza kutafuta vipuri vya gari, kisha atapanda basi la Songea. Ndiyo maana barua hii sikuitia posta, nimempa Sista Felisita anayekwenda moja kwa moja Peramiho. Naomba uisome yote kabla hajabisha hodi, na kabla wifi hajampakulia chochote. Atakuomba chakula, na hataomba kwa sababu ya njaa. Nitakueleza anachokitafuta mezani kwako, kisha utaamua kama anakipata.

Nianze mwanzo, maana unanijua sipendi kuruka hatua.

Tangu chama cha ushirika kiliponipunguza kazini nikafungua nyumba hii, wageni wangu wengi ni wanunuzi wa pamba wa makampuni binafsi na maofisa wanaopita. Jioni hukaa uani wakilalamika kwamba Bariadi hakuna cha kutazama. Siku moja niliwauliza nani kati yao amewahi kuingia Serengeti, ambayo iko hapo nyuma ya nyumba na ambayo tembo wake wanakula mahindi yetu. Hakuna hata mmoja. Mmoja alinijibu kwamba Serengeti ni ya wazungu na nyumbu, na yeye si katika hao wala hawa. Mwingine akasema mtu akipata likizo anakwenda kwao kujenga choo, utalii ni wa watu wasio na ndugu.

Ndipo nikaanza kuwasimulia Nyalaja. Mholanzi mmoja wa mifugo aliyewahi kulala kwangu aliniachia picha aliyoipiga akiwa juu ya ukingo, nikaitundika sebuleni mkabala na mlango. Kila aliyeingia aliuliza ni nchi gani. Nilimjibu kwamba ni Meatu, mwendo wa siku moja kwa gari, ziwa ambalo ramani inaliita Eyasi na wazee wetu waliliita Nyalaja walipokuwa wakilifuata kwa miguu na punda kutafuta chumvi. Na kila aliyeuliza namna ya kufika nilimwelekeza kwa Sayi Mahona.

Sayi wa leo humjui. Yule kijana wa punda mmoja sasa ni mnunuzi wa pamba, ana mizani Dutwa na Lagangabilili, ana Land Rover na pikapu, na tumbo lake linatangulia kuingia chumbani. Nilipompelekea wazo la kuwatembeza wageni hakulikataa, alikataa mahali tu. Alisema tuwaonyeshe miamba ya Itilima, ina kivuli na iko karibu. Nilimwambia mawe kila mtu anayo kwao. Akasema twende viboko wa mto Simiyu. Nikamwambia kiboko wameshamwona kwenye gazeti. Akasema Nyalaja ni mbali na hakuna maji. Nikamwambia, mbele ya wageni wanne, kwamba hiyo ndiyo sababu wanahitaji mtu aliyekwenda ujanani na akarudi salama. Wakampigia makofi. Tangu jioni ile wakaanza kumwita Bwana Nyalaja, na Sayi ni mtu wa kupenda jina. Alitundika kibao Dutwa kwamba anasafirisha watalii wa ndani. Akaanza kusema kwamba atajenga kambi kule juu ya ukingo, na kwamba katika enzi hii ya soko huria hata upepo unauzwa, ni akili tu.

Mwezi wa nane, pamba ilipopungua, tukaondoka. Walikuwa wageni saba kwa magari mawili. Nitakutajia wawili tu: Bwana Joakim wa benki, ambaye Sayi alitaka aione kambi yake akilini kabla ya kuombwa mkopo, na Nesi Kabula wa Mwanza, mwanamke mnene mcheshi aliyezaliwa Maswa. Nilikuwa mpishi. Sayi alinitania kwamba kidato cha nne changu kimeishia kwenye sufuria. Nilimjibu kwamba sufuria nayo ina mitihani yake.

Njia yenyewe ni safari, kaka. Ukipita Lagangabilili unaona pamba iliyosahauliwa imening'inia kwenye miiba pande zote mbili. Mbele ya Mwanhuzi miti inapungua, inabaki mibuyu na miiba, na ng'ombe wanakuwa wengi kuliko watu. Nesi Kabula alikuwa akituuliza kila kilima kinaitwaje, na tusipojua alikipa jina la mkwe wake, kwamba nacho kimekaa tu hakifanyi kazi. Sayi alicheka sana mpaka Mwanhuzi. Kutoka hapo kicheko kikawa kinapungua. Tulipofika Bukundi alisimamisha gari akasema afadhali wageni waone ziwa kutoka juu, tulale juu, hakuna haja ya kushuka mpaka kisima cha mwisho, cha mama mmoja aitwaye Milembe. Nilimwambia maji ya wageni nimeshayaagiza kwa Milembe, mbuzi wameshafungwa, na wazee wa chumvi wa Bukundi ambao yeye mwenyewe aliagiza waje kuwaimbia wageni wanasubiri huko chini. Hilo la wazee lilikuwa wazo lake kweli. Alisema wageni hupenda ngoma.

Sasa nikueleze ziwa, maana hapo sikukudanganya hata neno katika barua zangu. Unatembea juu ya tambarare kavu, hakuna dalili ya kitu, halafu ardhi inakatika mbele ya viatu vyako. Chini kabisa kuna weupe unaokwenda mpaka macho yanaishiwa. Kwanza unadhani ni mawingu yameanguka. Kisha unaona pembeni mwa ule weupe mstari wa rangi ya waridi unaojongea, na mtu anakuambia ni ndege, heroe, maelfu kwa maelfu, nao wanaporuka pamoja ni kama mtu amekunjua kanga upande wa pili wa dunia. Nyuma yao vilima vya buluu. Harufu ya magadi inakupanda puani, na upepo unakuachia chumvi midomoni. Bwana Joakim alivua kofia. Nesi Kabula alikaa chini akasema amekwenda mpaka Nairobi kwa nauli yake kutazama maghorofa, kumbe kitu hiki kilikuwa nyuma ya boma la babu yake na hakuna aliyemwambia. Alitokwa na machozi, akasema ni vumbi.

Mimi nilimtazama Sayi. Alikuwa ameligeuzia ziwa mgongo, anakagua matairi.

Kaka, sasa nikuambie nilichokuficha. Miaka miwili iliyopita mama mmoja wa Bukundi alikuja hospitali ya Bariadi na mjukuu wake, akalala kwangu. Nilikuwa ninamimina chai. Akaniangalia mkono wa kushoto, akaniuliza kama niliwahi kuwa na ndugu aliyetumia mkono huo huo, kijana mrefu, aliyekufa kule Nyalaja. Huyo ndiye Mayu Milembe. Kisima cha mwisho kabla ya ziwa ni chake.

Unakumbuka mwaka ule wa 1983. Wewe ulikuwa chuoni Tabora. Madukani hapakuwa na sabuni wala chumvi, watu walikula mboga kama wanakunywa dawa. Ndipo vijana wakafufua safari ya Nyalaja iliyokuwa imeachwa tangu enzi za babu. Walikwenda kumi na zaidi, wakarudi pungufu mmoja. Tuliambiwa kwamba Mwandu alijitenga na wenzake kwa ujana wake, akapotea njia, hakuonekana tena. Aliyetuambia ni Sayi.

Mwandu hakupotea. Magadi makali yalimchana mguu, mguu ukavimba, homa ikampanda. Yeye na Sayi walikuwa nyuma ya wenzao kwa sababu ya punda waliyeshirikiana, aliyebeba mizigo yao miwili. Sheria ya safari ya chumvi unaijua, baba alitufundisha tukiwa wadogo, nayo ni fupi: mwenzako akishindwa kutembea, unamwaga chumvi unambeba mtu. Punda yule angeweza kumbeba Mwandu. Sayi hakumwaga. Alimlaza kwenye kivuli cha korongo kavu akaondoka na mizigo yote miwili. Na hakupita kwenye kisima cha Milembe, kaka. Angepita pale, watu wangeona chumvi ya wawili na mtu mmoja, wangeimwaga palepale na kukimbia kumfuata mgonjwa. Alizunguka kwa mbali akapanda ukingo bila maji, akawakuta wenzake juu, akawaambia Mwandu ametangulia. Wachungaji wa Milembe walimpata Mwandu siku ya pili, bado yu hai. Alifia nyumbani kwa Milembe jioni. Kaburi liko nyuma ya zizi, limezungushiwa mawe, na Milembe hulipalilia.

Utauliza kwa nini Milembe hakusema. Alisema. Alituma mtu kwa baba. Unakumbuka ile safari ya baba kwenda Meatu kutazama ng'ombe, akarudi bila ng'ombe? Alikwenda kuona kaburi. Akamwomba Milembe anyamaze. Mama alikuwa na moyo mbovu, na zilikuwa siku za sungusungu, vijana wangemmaliza Sayi kwa fimbo. Baba alikuwa katekista, alimwachia Mungu. Akafa na siri yake mwaka 1992 bila kuniambia mimi wala wewe. Mimi namheshimu baba, lakini Mungu aliyemwachia nilimwona anampa Sayi Land Rover.

Basi nikakaa nikafikiri. Polisi ningewaambia nini, kwamba mtu hakumwaga chumvi? Nikamuuliza Milembe kuhusu ile sehemu ya pili ya sheria, ambayo baba aliitaja mara moja tu. Akaniambia bado ipo, ila haijatumika tangu yeye ni msichana. Aliyemwacha mwenzake kwa ajili ya chumvi hali chumvi na watu. Ndugu wa marehemu wanampakulia sahani isiyo na chumvi, mbele ya waliowahi kwenda Nyalaja, na ni lazima iwe huko huko ziwani. Akiila kimya mpaka akaimaliza, amekiri, na wazee watakaa kuzungumza. Akiomba chumvi, amekana, na tangu hapo hakuna mtu wa nyumba za chumvi atakayempa moto, maji, wala mkono, mpaka mtoto wa kwanza wa nyumba ya marehemu amtilie chumvi kwa mkono wake mwenyewe.

Sahani ya ziwani. Na Sayi alikuwa hajakanyaga ziwani tangu siku ile. Mtu wa namna hiyo humvuti kwa kamba, kaka, atakata. Unamvuta kwa sifa.

Sasa unajua kwa nini nilitundika picha.

Tulishuka asubuhi. Wazee watano walikuwa wamekaa kando ya kisima, mkubwa wao Mzee Shigela, mfupi, mwenye viatu vya tairi na mdomo usiopumzika. Alimsalimia Sayi kwa jina la baba yake, akamuuliza habari za punda. Sayi akasema siku hizi hana punda, ana magari. Shigela akasema ni kweli, gari halina kinywa. Wageni wakacheka. Milembe alimpa Sayi mkono, na Sayi aliupokea bila kumtambua, maana hakuwahi kupita kwake, si umeona? Nilifurahi kwa hilo peke yake.

Tukawapeleka wageni kwenye weupe wenyewe. Walivua viatu, walipiga picha, Bwana Joakim alilamba kidole kama mtoto kuthibitisha. Chakula tukakipeleka huko huko, ugali na mbuzi, tukatandika mikeka penye mwamba unaotupa kivuli. Nilipika sufuria mbili. Kubwa niliitia chumvi vizuri. Ndogo sikuitia. Nilimpakulia kila mtu kwa mkono wangu wa kushoto, na Sayi nikampakulia wa mwisho, nyama nzuri kuliko ya wote, paja.

Alimega, akachovya, akatafuna. Nikaona taya zinasimama. Aliniangalia. Kisha akawaangalia wazee, nao walikuwa wameacha kula, mikono imetulia magotini. Alijua, kaka. Hata sasa nikifumba macho nauona uso ule, na unanishibisha.

Angeweza kula. Nataka ulijue hilo. Ilikuwa sahani moja tu. Angeimaliza kimya, wageni wasingeelewa kitu, na wazee wangemwita pembeni kwa heshima. Lakini Bwana Joakim alikuwa ubavuni mwake akisifia kambi. Sayi alicheka akasema kwa sauti, Vero umesahau chumvi, nipatie chumvi.

Nesi Kabula, ambaye haya hakuyajua, alikuwa na kikaratasi cha chumvi aliyoleta kwa mayai yake, akanyoosha mkono ampe. Mzee Shigela akamshika kwa upole akamwambia, binti yangu, huyo hapewi. Nesi akadhani ni utani, akasema kama ni sukari, kweli anywe kidogo, lakini chumvi kidogo haimdhuru. Akawatazama wazee. Ndipo akaurudisha mkono taratibu.

Sayi akasema wazee hawa wamelala, siku hizi chumvi ni ya pakiti, ina madini, iko kila duka. Akaomba mara ya pili. Akamwomba dereva wake, na dereva ni mtoto wa Dutwa ambaye babu yake alibeba chumvi, akaangalia chini. Basi akainuka na sahani yake, akapiga hatua kadhaa juu ya ule weupe, akainama, akabandua gamba la ardhi kwa kucha, akalivunjavunja juu ya nyama. Alikula akiwa amesimama, mbele yetu sote, mchanga unasikika menoni.

Mzee Shigela alisema hata ng'ombe hulamba ardhi. Akajipangusa mikono, wakaondoka wote watano, na wimbo wa chumvi hawakuuimba. Nilikwenda nyuma ya zizi nikamwambia Mwandu.

Tukaanza kurudi. Penye kisima gari lilihitaji maji, na vijana wa Milembe walikataa kulijaza mpaka Sayi ashuke, asimame mbali, ndipo wakalijaza kwa ajili ya wageni. Alisimama juani na tumbo lake. Pale Bukundi aliomba moto wa sigara, mwanamke akamwagia maji jiko lake mwenyewe. Nesi Kabula aliniuliza njiani, nikamweleza habari ya Mwandu na chumvi. Tulipofika Mwanhuzi akasema amewahi kuona watu wakipigwa, lakini hii hajaiona.

Habari zilifika Dutwa kabla yetu. Mkutano wa kijiji wa Bukundi umekataa kambi. Na pamba, kaka! Enzi za ushirika mkulima alikuwa na mnunuzi mmoja, akimpenda au asimpende. Soko huria limetufundisha kuchagua, na wakulima wamechagua. Mizani ya Sayi imening'inia Dutwa tupu huku ya jirani yake ina foleni, ingawa jirani anapunja na kila mtu anajua. Bwana Joakim hajazungumza tena juu ya mkopo. Wiki iliyopita msibani, Sayi aliposogelea chungu watu waliinuka mmoja mmoja kama wamekumbuka kazi. Nilikuwepo. Niliinuka wa kwanza. Padre ananiuliza kama roho yangu imetulia, namwambia inalala vizuri, na si uongo.

Ndipo Sayi akaja kwangu. Alikuja mchana kweupe, akakaa kwenye kiti cha wageni chini ya ile picha, akalia. Alisema anakiri, nimtilie chumvi. Nilimwambia mimi si mtoto wa kwanza. Sasa unajua kwa nini anakuja Songea, na kwa nini atataka kula kwako.

Kaka, imebaki hatua moja, na hii nimeiruka mpaka hapa kwa makusudi. Haikutajwa mbele ya wazee. Sayi aliniambia kwamba Mwandu mwenyewe ndiye aliyemwambia aende. Alimwambia, nenda na chumvi, Vero amejifungua na mama hana hata ya kumtilia uji, mimi nitakusubiri. Sayi anasema alikusudia kurudi na watu, akaogopa kisima, kisha akaogopa alichokwisha kusema kule juu, na kila saa iliyopita ikawa ngumu kuliko iliyotangulia.

Ungeweza kusema anajitungia. Hajitungii. Milembe alinieleza maneno hayo hayo miaka miwili iliyopita, kwenye chai ile ile. Mwandu aliyasema kabla ya kufa: msimlaumu Sayi, nilimtuma. Niliyajua nilipotundika picha. Niliyajua nilipopika. Na ni mimi niliyemwomba Milembe, wazee watakapomuuliza alichosikia, aseme yote isipokuwa hayo. Alikataa. Nilimpigia magoti, akakubali, ila aliniambia kwamba mzigo huo nitaubeba mimi, yeye hana punda.

Nimeubeba. Wazee wangeyasikia, wangesema marehemu ameshasamehe, wangemtoza ng'ombe, wangekula, yangekwisha. Mimi sikutaka yaishe kwa ng'ombe. Sheria haisemi mgonjwa akikuruhusu. Inasema mwaga. Mgonjwa yeyote mwenye moyo atakuambia nenda, ndiyo sababu sheria ikawekwa. Na ule mzigo wa Mwandu Sayi aliuleta kweli, akamkabidhi mama mlangoni akiwa amevua kofia. Uji ule niliunywa, kaka, nikiwa kitandani na mtoto kifuani. Nakumbuka nilisema, sasa una ladha. Kwa neno hilo Sayi atalipa mpaka nitakaposhiba mimi, na bado sijashiba.

Nimekuandikia haya kwa sababu mtoto wa kwanza hawezi kuamua kwa nusu ya maneno ya marehemu. Sikutaka pia uyasikie kutoka kinywani mwa Sayi yakiwa na machozi. Yasikie kwangu, makavu. Huku Bariadi sitamwambia mtu, na Milembe naye hatasema. Ni wewe na mimi na yeye.

Ninachotaka unakijua. Mpakulieni, akae mezani, watoto wamsalimie, na chumvi ibaki kabatini. Lakini mkono ni wako, na Mwandu alikuwa mdogo wako kama alivyokuwa wangu. Ukimtilia, usihangaike kuniandikia. Nitaona wakulima wa Dutwa wakirudi kwenye mizani yake, nami nitaishusha ile picha ukutani na nitaendelea kukuita kaka. Krismasi waleteni watoto vyovyote itakavyokuwa. Nitawapeleka Nyalaja mwenyewe, kwa gari la kukodi, wawaone heroe, kisha nitawaonyesha baba yao mdogo alipolala.

Nisalimie sana wifi Eufrasia, mwambie kitenge alichoagiza nimekipata. Wabusu watoto, hasa yule mbishi. Mama mdogo Minza anasema wabeja kwa miwani, ila anadai sasa anaona uchafu wa majirani vizuri zaidi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Veronica Bujiku.